Maharage ya Bibi, Magadi na Likizo ya Bungu!

Kama mfuko umeanza kulia kwa sababu ya sikukuu basi pole, tuko wengi. Wiki hii safu yako inakujia kutoka Bungu, huku juu milimani wilayani Korogwe, nyumbani kwa Bibi. Ukungu asubuhi, migomba, chai ya moto na watoto. Hasa watoto!

Shule zikifungwa Desemba mambo ni yale yale kila mwaka. Wazazi wa Dar na Tanga mjini wanapakia watoto kwenye gari, wanawapa mkate na sabuni za kumpelekea Bibi, halafu wao wanabaki wanapumua. Likizo iliyopita kwetu walipanda saba, mdogo ana miaka mitano na mkubwa kumi na tatu. Wamekuja na simu moja iliyopasuka kioo. Bando likaisha siku ya pili. Siku ya tatu wakaanza kupigana kwa sababu ya kiti, na viti viko sita vitupu! Mjomba mtu, ambaye ndiye mimi, nikaambiwa, "Wewe si unaandika magazetini? Wafanyie kitu hawa."

Nilidhani utani. Kesho yake nikawakuta wavulana wawili nyuma ya banda la mbuzi wanatafuta spoki za baiskeli. Aliyekulia uswahilini anajua spoki Desemba ni za nini. Ni zile baruti za vichwa vya kiberiti, zinazopasuka mkononi mwa mtoto huku watu wazima wanacheka, "Hee, Krismasi imefika!" Mimi sicheki. Nina rafiki niliyecheza naye chandimu utotoni, na jicho lake la kushoto mpaka leo linaona mwanga tu. Mwenyewe hataki kusimulia, kwa hiyo na mimi naishia hapo.

Spoki nikazinyang'anya. Lakini mtoto ukimnyang'anya kitu lazima umpe kingine, la sivyo usiku anazirudia. Nikachukua ukurasa wa gazeti (la wiki iliyopita, msinifukuze kazi), nikaukunja ile namna ya kutengeneza mdomo wa karatasi, nikaushika pembe na kuushusha kwa nguvu. PAA! Mbuzi wakakurupuka. Hewa inaingia ndani ya mkunjo kwa kishindo, karatasi inafunguka ghafla, na mlio ndio huo. Hakuna moto, hakuna jicho la mtu. Ndani ya nusu saa magazeti yote ya Bibi ya kufungia vitunguu yalikuwa yamekwisha, na mimi ndiye niliyesemwa.

Basi hapo ndipo likizo ilipoanza kunoga. Ila kilichonifanya niandike safu hii si baruti za karatasi, ni maharage.

Mpwa wangu mmoja, binti wa dada, alikuwa darasa la sita. Mtoto mpole, kitabu anashika, lakini ukimwuliza habari za sayansi anakujibu kama mzee aliyekata tamaa, "Anko, mimi sayansi siwezi." Nani kakwambia? "Nimeambiwa." Na nani? Kimya. Jioni moja tumekaa jikoni, njaa inauma ile mbaya, maharage yanachemka tangu saa tisa, na giza linaingia. Binti akauliza, "Bibi, mbona maharage ya huku hayaivi haraka kama ya kwetu Dar?"

Jiko zima likaangua kicheko! Shangazi mmoja akasema ni kuni mbichi. Mwingine akasema ni njaa ya watoto wa mjini. Kaka yake ndiyo akamaliza kabisa: "Kwani maharage yanajua yako Bungu?" Binti akainamisha kichwa, akawa anachora chini kwa kijiti.

Kumbe msomaji wangu, maharage hayajui, lakini maji yanajua! Hewa ina uzito, ati. Ukiwa Dar, pale pwani, hewa yote iliyo juu yako inayagandamiza maji sufuriani, kwa hiyo hayachemki mpaka yafike digrii 100. Ukipanda mlimani hewa ya juu yako imepungua, maji yanapata upenyo na kuchemka mapema. Hesabu ya haraka haraka, kila ukipanda mita 300 unapunguza kama digrii moja. Milima hii ya Usambara, ukiwa mahali penye mita 1,200, maji yanachemka kwenye digrii 96 hivi. Yanarukaruka vizuri tu, mvuke unafuka, unasema yamepamba moto, kumbe joto si lile la Dar. Na hata ukichochea kuni za mwezi mzima joto la maji haliongezeki, unayakausha tu. Ndiyo maana maharage yanakuweka mpaka usiku, na ndiyo sababu moja ya akina Bibi kutia kipande cha magadi, maana magadi yanalainisha maharage. Hayo magadi yakumbuke, tutayarudia.

Nikawaeleza pale pale jikoni. Wakubwa wakaniangalia kwa jicho la "huyu naye na form four yake". Nikaona maneno hayatoshi, lazima watu waone. Siku ya watoto kurudi Dar nikampa binti chupa tupu ya maji ya dukani, ya plastiki laini. Aifunue hapa Bungu, aache hewa ya Bungu iingie, aifunge kifuniko kwa nguvu zote, halafu asiifungue tena mpaka Dar. Asiikalie, asimpe mdogo wake, aiangalie tu.

Walipofika Korogwe mjini akanipigia kwa simu ya mama yake: chupa imeanza kubonyea ubavuni. Dar wakafika usiku, na asubuhi nikatumiwa picha: chupa imekunjamana kama iliyokanyagwa na mtu, na hakuna aliyeigusa! Hewa ya Bungu iliyofungiwa ndani ni nyepesi, hewa ya Dar nje ni nzito, ikaibana. Kwa mtu anayeshuka kutoka mita 1,200 mpaka baharini, hewa hiyo inabanwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ukitaka kuhakikisha kwamba hakuna uchawi, fungua kifuniko. Pshh, inarudi ilivyokuwa. Zoezi hili halina gharama, na mtu yeyote anayekwenda mlimani sikukuu hii, Lushoto, Bungu, Marangu au Mbeya, anaweza kumpa mtoto wake alifanye wakati wa kurudi. Hakikisha tu chupa imefungiwa juu. Ukiifungia chini ukapanda nayo itakuwa ngumu kama mpira, lakini haifurahishi macho.

Sasa kicheko kile cha jikoni kilinikumbusha stori moja ya hapa hapa Usambara, nikawasimulia watoto usiku ule wakati tunasubiri maharage. Na wewe kama huijui kaa vizuri.

Mwaka 1963 kulikuwa na kijana anaitwa Erasto Mpemba, kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, halafu unaweka kwenye friji. Nafasi friji lenyewe hakuna, watu wanagombania. Siku moja Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa nafasi, akayatumbukiza ya moto vile vile. Baada ya saa moja na nusu hivi akaenda kuchungulia. Ya kwake yameganda! Ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha bado majimaji.

Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza, lakini hakusahau. Likizo moja akawakuta watengenezaji wa aiskrimu Tanga mjini, nao wakamwambia wanaweka ya moto kwa sababu yanaganda upesi. (Unaona? Likizo hiyo!) Akafika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, darasa likamcheka, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia. Ikawa ndiyo jina la utani, ukikosea hesabu unaambiwa hesabu za Mpemba. Halafu siku moja akaja mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam. Kijana akanyanyuka na swali lake lile lile mbele ya watu wote. Wenzake wakaona wameaibishwa. Osborne hakucheka. Alirudi Dar akaagiza jambo lile lipimwe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala kwenye jarida la Uingereza, *Physics Education*. Leo dunia nzima inasema "athari ya Mpemba". Mwenyewe wala hakuwa profesa wa fizikia, alikwenda kusomea wanyamapori Chuo cha Mweka.

Tena usidhani ubishi umekwisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa uangalifu wakasema hawaioni hiyo athari. Wengine wanaiona katika majaribio ya namna nyingine. Wasomi wenye mashine za mamilioni bado wanabishana juu ya swali la kijana wa Magamba aliyekuwa anawahi nafasi ya aiskrimu!

Binti alisikiliza bila kupepesa. Kesho yake asubuhi ananisubiri mlangoni. "Anko, jirani si ana friji la kuuzia soda?" Tukaenda kuomba. Vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana, maji kiasi kile kile, kimoja cha moto (si ya kuchemka, plastiki italainika), kingine cha kawaida, vyote kwenye sehemu ya barafu. Siku ya kwanza ya baridi yakashinda. Siku ya pili ya baridi tena. Kaka mtu akaanza, "Si nilisema!" Binti akamjibu bila kumwangalia, "Hujasema, ulicheka," akaandika matokeo kwenye daftari. Siku ya tatu umeme ukakatika. Akaandika na hiyo. Nilivyomwona anaandika "umeme umekatika saa 5:20" nikajua huyu ameshapona.

Haya, magadi. Wadogo wanataka vitu vinavyofoka, si kusubiri barafu. Kamata magadi yale yale ya maharage, yasage, weka vijiko viwili kwenye kikombe, zungushia udongo kikombe chote mpaka kiwe mlima. Tone la sabuni ya maji. Halafu kamulia ndimu au limao kwa wingi. Povu linapanda, linamwagika, watoto wanapiga kelele mpaka majirani wanatoka. Tindikali ya ndimu inakutana na magadi, inatoka hewa ya ukaa, ile ile iliyo ndani ya soda. Ukifanya hivyo kwenye chupa ya soda ukavisha puto mdomoni haraka, puto linajaa lenyewe.

Na usiwaambie watoto kwamba ni mchezo tu. Tanzania tunao mlima unaofanya kitu cha ajabu kuliko hicho: Ol Doinyo Lengai, kule kusini mwa Ziwa Natron, Mlima wa Mungu wa Wamaasai. Volkano nyingine zote zilizo hai duniani zinatoa uji wa mawe. Huu peke yake unatoa uji wenye magadi ndani yake! Unatoka mweusi, na joto lake ni kama digrii 500 hadi 600, karibu nusu ya volkano za kawaida, halafu ukipata unyevu unageuka mweupe. Mara ya mwisho ulilipuka kwa kishindo mwaka 2007 hadi 2008. Mtoto akijua hilo, yale magadi sokoni hayaangalii tena kama alivyoyaangalia jana.

Tahadhari kidogo: magadi na ndimu havitakiwi machoni. Nawa mikono, na mdogo wa miaka mitano asimame nyuma ya mkubwa.

Kadi za sikukuu ndizo zilizochukua siku tatu nzima, kwa hiyo wazazi wanaotafuta utulivu wasikilize. Kadi za dukani bei zake mnazijua. Chukua manjano ya unga ya kupikia, koroga na maji ya uvuguvugu kidogo, paka kwenye karatasi nyeupe kwa kitambaa, anika. Inakuwa ya njano safi. Yeyusha magadi kidogo kwenye kikombe, chovya njiti, andika juu ya ile karatasi. Maandishi yanatokea mekundu kama damu ya mzee! Paka ndimu juu yake, yanarudi njano. Manjano yana tabia hiyo, yakikutana na vitu kama magadi au sabuni yanageuka rangi. (Akina dada mliowahi kufua kitenge chenye mchuzi wa bizari, doa likageuka jekundu mkalaumu sabuni, jibu ndilo hilo.) Hata chai inafanya mambo yake. Huku kuna mashamba ya chai ya Dindira jirani tu, chai haituishii: rangi kali gawa glasi tatu, moja tia ndimu inapauka, moja tia magadi inakuwa nyeusi tii, ya tatu iache, uinywe.

Bibi alipata kadi saba. Nyumba yetu ina Waislamu na Wakristo, pilau moja, kwa hiyo nyingine ziliandikwa Krismasi Njema, nyingine Heri ya Likizo, na ya yule wa miaka mitano iliandikwa BIBI MAGADI.

Tiara sina haja ya kukufundisha, ila mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo ni gazeti, chelewa mbili na gundi ya uji mzito wa muhogo. Betri zilizochoka zianike juani kama wazee wetu wanavyofanya, si ushamba, joto linaamsha dawa iliyobaki ndani, redio inaimba kidogo zaidi. Motoni usizitie kamwe, na inayovuja tupa.

Cha mwisho kilimkamata Bibi mwenyewe. Tulikata chupa kubwa ya maji iliyonyooka ubavu, kichwa tukakigeuza kikawa mrija, chini tukaweka kokoto na maji kiasi mpaka kwenye alama ya sifuri, tukabandika rula ya shule ubavuni. Kipima mvua hicho, kikawekwa uwanjani mbali na mti na paa. Kila asubuhi saa moja mtoto wa zamu anasoma, anaandika ukutani kwenye kalenda, anamwaga maji mpaka sifuri.

Bibi alikuwa anapita tu, hana habari. Siku moja akauliza, hizo namba zinanisaidia nini mimi? Binti akachukua kijiti. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba. Ekari moja ni mita za mraba kama 4,047. Jana imenyesha milimita 10. Kwa hiyo kwenye ekari yako, Bibi, zimeshuka lita zaidi ya 40,000. Gawanya kwa ndoo ya lita 20... akaandika, akafuta, akaandika tena: ndoo zaidi ya 2,000! Bibi akakaa kwenye kinu. "Ndoo elfu mbili? Usiku mmoja? Na hakuna aliyebeba kichwani?"

Tangu wale watoto waondoke, namba za asubuhi zinaandikwa na Bibi. Rula ikipauka ananiagiza nyingine, na mwezi uliopita alinipigia kunishtaki kuwa kuku wameangusha chupa na siku mbili zimepotea kwenye kalenda. Binti naye amepiga picha ile kalenda yote, anasema anataka kulinganisha Bungu na Dar Desemba hii. Wa kwake ameshauweka kule, juu ya ukuta wa choo cha jirani, kwa sababu uwanja hawana.

Haya msomaji wangu, magadi nunua ya jiwe, siyo ya unga uliochakachuliwa. Tukutane wiki ijayo.